Mwanangu, usiniletee maboksi yale

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete, Pemba, hatujambo. Vuli imeanza, na karafuu tunazianua kila wingu likitanda.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema chumba kimekushinda: maboksi ya vitambaa, mikebe ya shanga, vyombo vya keki ulivyonunua ulipokuwa ukijifunza kuoka, na lile baibui ulilolikata likabaki bila mikono. Ukasema utavipakia melini uniletee nikuwekee mpaka utakapopata nafasi.

Sitavipokea, mwanangu. Nyumba si ndogo, wala sijakasirika. Vitu vya namna hiyo nimelala juu yake miaka mingi, najua vinavyomfanya mtu.

Unaukumbuka uvungu wa kitanda changu, ulikokuwa ukikatazwa kuingia? Mle mlikuwa na mkeka wa bibi yako. Tuliuanza pamoja, kila mmoja akisuka ukili wake, ule ukanda mrefu wa majani ya ukindu, tukikutana ukumbini baada ya laasiri. Alipofariki mwaka 2009 tulikuwa hatujafika hata nusu. Nikazifunga pindi zote za ukili kwenye kanga yake moja, nikasema nitaumaliza baada ya arobaini. Kila Ramadhani ikikaribia nilikuwa nazitoa nianike, nazitazama, nazirudisha. Na kila nikizirudisha naona kama nimemkosea upya.

Wiki iliyopita nilizitoa zote, nikakaa chini kuumaliza kweli. Ukindu mkavu wa miaka yote hiyo unakatika kama njiti. Pembeni panya walishatafuna. Nikanunua ukindu mpya, nikaulowesha, nikasuka. Ukili wangu ukatoka mpana kuliko wake, kwa kuwa bibi yako alikuwa na mkono wa kubana na mimi mkono wangu umelegea kwa umri. Ukizishona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, kili za upana tofauti, mkeka unapinda, haulali chini. Zambarau yake nayo sikuipata. Nimechemsha rangi mara mbili, haifanani.

Nililia, sikufichi. Kumbe nilikuwa nalinda mkeka ambao ulikwisha kuondoka na mwenyewe.

Nikachagua pindi zake zilizosalimika, zake tupu bila kuchanganya na zangu, nikazishona msala mmoja. Zilizobaki nimezifukia chini ya mgomba. Kesho yake niliswali alfajiri juu ya ule msala, nikamwombea dua kwa moyo mweupe ambao sikuwa nao siku nyingi.

Baada ya hapo kazi zangu nyingine za mkono nilizoziacha njiani hazikuwa nzito. Kila kitu nilikishika nikakifanyia kazi, tangu adhuhuri mpaka laasiri. Sikuuliza moyo, maana moyo unaahidi kila kitu. Niliutazama mkono. Vitambaa vya makochi nilivyokuwa nikifuma, mkono ulianza kutafuta chai, kutafuta simu, kutafuta nzi wa kufukuza. Nikajua. Uzi wote nimempa binti wa jirani, na siku ya pili alikuwa kibarazani anafuma. Vibao vya kumiminia sabuni ya mwani vimekwenda kwa akina mama wanaoitengeneza hasa. Kofia ya baba yako ndiyo pekee iliyobaki. Ile mkono haukutaka kuiweka chini. Juu imekwisha, nimebakisha kama nusu ya ukanda wa pembeni, na kila jioni nashona vitobo vichache. Baba yako anapita akiangalia, hasemi kitu, lakini anapita mara nyingi.

Basi na wewe fanya hivyo hivyo, kimoja kimoja. Utasema hela zako zimepotea. Hela zilitoka siku uliyonunua, mama, na kuvilaza vitu ndani hakuzirudishi hata senti. Vyombo vya keki mpe yule dada wa mtaani kwako anayeoka, uliyenisimulia. Wala usione haya kwamba ulianza ukaacha. Ulijifunza kuoka mwaka ule uliokuwa huna kazi, na kule kutoka nyumbani asubuhi ukiwa na pa kwenda kulikusimamisha. Mimi nililiona hilo kwenye sauti yako kila ulipopiga simu. Keki zilikwisha kufanya kazi yake.

Vitambaa sijui. Hivyo mkono wako ndio utakaosema.

Ila baibui njoo nalo. Nakujua, ulilikata vizuri, ukaogopa mikono kwa sababu ile ya kwanza uliitia ikavutana kwapani. Mashine yangu nimeitia mafuta. Tutakaa siku moja ukumbini, mimi nikushikie kitambaa, wewe ushone.

Begi moja linatosha. Ukishuka bandari ya Mkoani piga simu, kaka yako atakuwa pale.

Mama yako