Taarab irudi, lakini tuanzie pa wazi

Ndugu Mhariri,

Nasikia vikundi vyetu vya taarab vinapanga kurudi jukwaani baada ya ukimya ulioletwa na korona tangu Machi 2020. Nafurahi, maana kusikiliza kwenye simu hakukati kiu. Ila naomba waanzie Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Mji Mkongwe: hakuna paa, upepo wa bahari unapita, na viti vinaweza kuachana. Kumbi za ndani zingoje kwanza.

Kazi kubwa ni kutunza, yaani kumtuza mwimbaji pesa. Ubeti ukimgusa mtu hakai; anainuka, anajongea taratibu hadi mbele, noti anamtia mwimbaji mkononi, mara wamejaa ishirini wakipumuliana. Sisemi tuache, na mimi mwenyewe ni wa kwanza kuinuka. Liwekwe sinia mbele ya jukwaa, tutie humo, tupite. Wapiga fidla na kanuni, kile kinanda cha nyuzi, wavae barakoa. Mpuliza nai, yaani filimbi, hawezi, basi apewe nafasi yake pembeni.

Tiketi zitapungua, hilo halikwepeki. Hoteli zinazowaita wanamuziki hawa kila msimu wa watalii nazo zichangie. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, wageni wamekikuta.

Mpenzi wa taarab,
Mkunazini, Unguja