Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwanafunzi akiuliza, nimjibu nini?

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Nasomesha historia na uraia katika skuli moja ya sekondari huku Wete. Muhula huu tulisoma namna nchi zinavyopata marais: wapo wanaopigiwa kura na wananchi wenyewe, kama kwetu, na wapo wanaochaguliwa na bunge. Nikatoa mfano wa Latvia, ambako Mei 2023 Edgars Rinkēvičs alipata kura 52 katika bunge la watu 100. Mkono ukanyanyuka nyuma ya darasa: "Mwalimu, huyu si ndiye yule shoga? Walimchagua wanajua?"

Watoto wana simu, Mheshimiwa. Nikajibu kwamba walijua, kwani alijitangaza mwenyewe mwaka 2014 akiwa waziri wa mambo ya nje. Darasa likavuma, kengele ikalia, tukatoka. Siku ya pili mzazi akafika kwa mkuu wa skuli, nami nikaambiwa nisimwage mchele penye kuku wengi.

Siandiki kuomba sheria zetu zibadilishwe. Sheria yetu ya Adhabu naijua inavyokataza mambo haya, na jamii yangu naijua pia. Nauliza jambo dogo zaidi: mwalimu wa historia aruhusiwe au asiruhusiwe kujibu swali la historia?

Na lile swali lilikuwa la mtoto mwenye akili. Wengi katika viongozi wanaopenda jinsia yao walichaguliwa kwanza, mambo yao yakajulikana baadaye. Maureen Colquhoun aliingia bunge la Uingereza mwaka 1974 akiwa mke wa mtu. Gazeti likamwanika, wanachama wenzake jimboni wakataka kumtema, na 1979 akashindwa (ingawa, tuseme haki, mwaka ule chama chake kizima kilipigwa mweleka). Chris Smith alichaguliwa 1983, na mwaka uliofuata akasimama kwenye mkutano mjini Rugby akasema mwenyewe, bila kusubiri mwandishi wa habari. Wapiga kura wake wa Islington wakamrejesha bungeni 1987, na 1997 akawa waziri. Kwangu mimi huyu ana uzito kuliko wote, maana alikuwa na kiti cha kupoteza.

Waliochaguliwa watu wakijua tangu mwanzo walianzia udiwani. Kathy Kozachenko alishinda Ann Arbor, Marekani, Aprili 1974. Anayetajwa zaidi ni Harvey Milk wa San Francisco, aliyeanguka mara tatu kabla ya kushinda 1977. Sheria yake iliyowafurahisha watu ni ya kuwalazimisha wenye mbwa kuokota kinyesi njiani; diwani ni diwani. Hakumaliza mwaka. Tarehe 27 Novemba 1978 alipigwa risasi pamoja na meya George Moscone, na aliyewaua ni Dan White, diwani mwenzake Milk aliyejiuzulu kisha akataka arejeshewe kiti chake.

Jóhanna Sigurðardóttir alipokuwa waziri mkuu wa Iceland 2009, mabenki yalikuwa yameanguka na watu walikuwa na mengine ya kuwashughulisha. Karibu na sisi, Zakhele Mbhele aliingia bunge la Afrika Kusini 2014. Kenya, David Kuria alitaka useneta wa Kiambu katika uchaguzi wa 2013, akajitoa kabla ya kura.

Haya yote yameandikwa. Nikinyamaza, mtoto ataambiwa na TikTok, na huko ataambiwa lolote. Hata anayetaka kuyapinga anahitaji tarehe sahihi.

Naomba waraka, hata wa ukurasa mmoja, useme mwalimu akiulizwa na mwanafunzi kuhusu kiongozi wa nchi nyengine ajibu kwa kiasi gani. Kama jibu ni kwamba tusijibu, liwe kwa maandishi na lifike skuli zote, Unguja na Pemba, asije mwalimu akaadhibiwa kwa agizo la mdomo. Muhula ujao nina mada ya mawaziri wakuu, na Ireland ya enzi ya Leo Varadkar na Ufaransa ya enzi ya Gabriel Attal zimo, na swali litakuwa lile lile.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa historia, Wete