Sikoseli si laana

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sikoseli, ugonjwa ambao wengine bado wanauita laana ya ukoo. Ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni: kijenzi chake kimoja, asidi ya glutamiki, kikatoka, na kingine, valini, kikakaa mahali pake. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana ikawa nyuzi ngumu, na seli nyekundu ya damu, laini na ya duara, hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha, ameshika magoti. Seli ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Iliyojipinda, mara nyingi, haizidi 20.

Jeni hiyo hutoka kwa baba na mama, wote wawili, lakini lawama nazisikia zikimwangukia mama peke yake. Inaniuma sana.

Msomaji wako