Barua kwa Mama Zawadi: ati watoto wangu wanafunga shule lini

Kigumba, Uganda, mwezi wa kwanza 2025

Mama Zawadi wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye vumbi. Voisi yako niliipata juzi nikiwa foleni ya pampu, nikaisikiliza mara mbili, halafu nikitaka kujibu simu ikazima chaji, bas nikaona afadhali nikuandikie usiku huu hawa watu wakiwa wamelala. Habari za Bungoma? Huyo mtoto wako ndio amemaliza praimari kweli ama naota? Mimi bado namuona na zile nywele za kusimama.

Sasa lile swali lako juu ya watoto wangu ninaowafundisha mwenyewe nyumbani, "hawa wako wasioenda shule, likizo yao ni lini?" Nilicheka mpaka mama wa mbele yangu akageuka, lakini baadaye likanikaa kichwani.

Tunafunga kiangazi. Wenzao wakifunga December na sisi tunafunga, si kwa sababu wizara imesema, ni mahindi na maji. Mahindi ya msimu wa pili tunapanda August, December yamekaukia shambani, na mvua nayo inakata mpaka March huko, kwa hiyo hakuna mtu ana muda wa kukaa chini ya mwembe akifundisha fraksheni. Vitabu naviweka kwenye ile sanduku la bati juu ya kabati, navifunika na kitambaa, ndio hivyo, shule imefungwa.

Lakini usidhani wanalala. Saa kumi na moja na nusu kukhu wao, yaani bibi yao, ameshaamka anagonga sufuria, na yule asiyetoka anamwagiwa maji ya baridi mguuni (kidogo tu, maji yenyewe yako wapi). Mkubwa na wa pili wanasukuma baiskeli na jerikeni nne, kifunga mimba anafuata nyuma na kale kajerikeni ka mafuta ya kupikia ka lita tatu, na huwezi kumwambia abaki, atalia mpaka majirani watoke. Kwa pampu unapanga jerikeni yako kwenye laini halafu unaenda kukaa kivulini, na huyo mdogo kazi yake ni kuhesabu, anarudi kuniambia mama tuko wa arobaini na mbili, mama sasa ni wa thelathini na tisa, mama kuna mtu ameingiza yake katikati! Hapo ndio amejifunzia kuhesabu kurudi nyuma, mimi sikuwahi kumfundisha hata siku moja.

Unajua vile tulianza. March 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mkubwa alikuwa ndio ameingia P2, darasa la pili, hata daftari hazijajaa kurasa kumi, na sisi tukasema ni wiki chache. Nyinyi huko Kenya mlirudi mapema, sisi tulikaa mpaka tarehe 10 January 2022, karibu miaka miwili, watoto wa watu wamekuwa wakubwa wameenda kuuza ndizi barabarani kwa mabasi ya Gulu. Mimi nilianza kumfundisha na kile kitabu kimoja tulichobaki nacho na masomo ya redio, na shule zilipofunguliwa tukajikuta tumezoea. Kuna wanaosema ni kiburi, kuna wanaosema ni umaskini. Na ada ilikuwa na mchango wake, sitakudanganya, watoto watatu si mchezo.

Haya, ngoja nikupe hii ya mwezi huu maana ndio sababu kubwa ya kuandika.

Tulivuna vizuri, Mungu ametusaidia, tukaanika kwenye turubai mbele ya nyumba wiki nzima na watoto wanapokezana kufukuza kuku na mbuzi. Wewe unajua mambo ya unyevu, si ni nyinyi mlizuia mahindi ya Uganda yasiingie Kenya, mwezi wa tatu 2021, ati yana sumu ya ukungu, ile aflatoksini? Tangu siku hiyo baba watoto hakubali kutia mahindi guniani kwa kuuma na meno tu. Tunapima na chumvi. Unachukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, unatia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, unatia mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, unafunga unatikisa sana, unaacha dakika 15 itulie. Chumvi ikigandana kwenye kuta za chupa bado yana maji, ikishuka chini yote glasi ikabaki safi hapo sawa. Huyo wa pili, miaka tisa, amejifanya daktari wa chupa, anaishika juani na jicho moja amefunga, anasema "hii bado, rudisheni" na sura ya mtu anayelipwa mshahara. Amenimalizia chumvi pakiti mbili.

Siku ya tatu baada ya kufunga magunia akaja mnunuzi na pikapu na ule mzani wake wa kuning'iniza. Tulikuwa na magunia 23, sisi tuliyajaza kwa debe tukakadiria kila moja kama kilo mia. Gunia la kwanza akatundika, mzani ukasoma 85. La pili 86. Baba watoto akakuna kichwa akasema labda madebe yetu ni madogo. Mnunuzi akasema eeh, madebe ya kijijini ndivyo yalivyo, na mahindi makavu sana ni mepesi, mzee. Na mimi nimesimama pale na ufagio nakubali kichwa kama mjusi.

Mkubwa hakusema kitu. Akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia maji yanamwagwa nikataka hata kumkemea, na maji yenyewe ya kupanga foleni! Kumbe anapima. Amechukua ile chupa ya maji ya lita moja, anajaza anamimina kwenye jerikeni, ishirini kamili, mdogo wake anamhesabia kwa sauti. Akaibeba na mikono miwili ikimgonga magoti, akaja nayo mbele ya watu wazima akasema kwa adabu kabisa, "Anko, lita moja ya maji ni kilo moja. Hizi ni ishirini. Naomba uning'inize."

Jamani ule ukimya. Yule bwana akacheka cheka, akasema mtoto ana mchezo. Dereva wake ndio akaitundika, nadhani hakujua inaenda wapi. Mzani ukasoma 17. Bila hata kuhesabu uzito wa jerikeni yenyewe! Mtoto akachukua kijiti akaandika kwenye vumbi: katika 20 zinapotea 3, katika mia zinapotea 15, mara magunia 23 ni kilo 345. Bei ilikuwa shilingi 800 kwa kilo. Akazidisha pale pale, 276,000. Baba yake akasoma vumbi, akanitazama, akasoma vumbi tena.

Unajua mimi nilihisi nini kwanza? Aibu. Nikamwambia "wewe, ingia ndani, usiongee na watu wakubwa hivyo." Ndio ilitoka mdomoni hivyo na mpaka leo inaniuma. Mnunuzi akakunja kamba yake akasema watoto wasioenda shule wanakosa malezi, akaondoka. Mahindi tuliuza Bweyale kwa mwingine wiki iliyofuata, mkubwa akasimama kando na jerikeni yake ya lita ishirini bila kusema neno, na huyo alilipa kilo zote.

Usiku ule kukhu alikuwa anabangua karanga na watoto, wa pili akaanza, "Kitendawili!" Tukasema tega. "Gunia langu nyumbani ni mia, barabarani themanini na tano." Kukhu alicheka akakohoa karanga zikamwagika zote, na sasa kila anayekuja kumsalimia lazima ategewe hicho, amekitoa kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, hata mama muuza samaki wa kutoka Masindi Port ametegewa.

Mimi nilikuwa nafikiri baada ya hiyo jerikeni mambo ya shule nimemaliza, yaani nimeshinda. Kumbe ndio imeanza. Siku mbili baadaye tunapukuchua mahindi ya kula mimi na mkubwa tu, akaniambia bila kunitazama, "Mama, mwaka huu mimi ni P7. Nataka kwenda shule." Nikamuuliza unakosa nini hapa, ni mimi sikufundishi vizuri? Akasema unafundisha vizuri. Akapukuchua gunzi zima kimya. Halafu akasema, "Lakini mimi sijui ni namba ngapi. Hapa mimi ni wa kwanza kila siku kwa sababu niko peke yangu."

Nilikosa la kusema, Mama Zawadi. Si ni sisi tuliokaa kwenye ule ubao wa matokeo tukitafuta majina yetu, wewe wa tatu mimi wa kumi na nane, ukanipa nusu mandazi nisilie?

Na mtihani wa PLE, ule wa kumaliza praimari hapa Uganda, lazima afanyie kwenye shule yenye senta namba ya UNEB, baraza la mitihani, hiyo nilijua, mpango wangu ulikuwa nimsajili tu aende siku za mtihani arudi. Sasa yeye anataka kukaa darasani mwaka mzima, na watoto themanini kwa darasa moja, na viboko, maana ati vimekatazwa lakini wewe unajua. Baba yake anasema aende. Kukhu anasema aende lakini asinyolewe nywele, na hiyo haiwezekani, hapa wote wananyolewa. Mimi nazunguka tu, mara nafagia pale nilipofagia. Wa pili ameshasema yeye haendi popote, ana kazi ya chupa.

Shule inafunguliwa mwezi wa pili. Kwa hiyo hilo ombi langu lipokee vizuri na usinicheke. Vile viatu vyeusi vya Zawadi vya praimari, kama hujampa mtu na soli bado inashika, mpe dereva wa basi linalopitia Malaba, nitavichukua hapa stendi nitamlipa mimi. Nimempima mkubwa mguu jana akiwa amelala, kwa kamba. Ni 37 lakini tafuta 38, anakua.

Wako,
Mama watatu wa Kigumba