Barua kwa mwanangu anayekwenda kutembeza wageni porini

Mwanangu Neema,

Kusikia umepewa kazi ya kutembeza wageni kwa miguu kumenifurahisha, ila usingizi umeniruka. Ndege unawajua kuliko wengi waliokutangulia. Hapo ndipo penye hofu yangu: macho yako yatakuwa kwa ndege chozi mtini, na tembo amesimama nyuma ya kichaka hicho hicho.

Kwamba chozi ana gramu kama kumi na tembo dume wa savana hufikia tani 6, wageni watajisomea. La kwako ni namna wanavyokugundua. Chozi hukugundua kwa macho. Tembo haoni vizuri kwa mbali, lakini pua yake haina mpinzani. Kwa ndege, tembea taratibu na ujibanze. Kwa tembo, ujibanze utakavyo, upepo ukitoka mgongoni kwako ameshajua upo. Beba soksi kuukuu yenye majivu, uikung'ute kila mnapobadili uelekeo, uangalie vumbi linakwenda wapi. Usione haya mbele ya wageni.

Tembo akitandaza masikio, akainua kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anatishia. Usikimbie, rudini nyuma polepole, pamoja. Akikunja mkonga chini ya kidevu na kulaza masikio nyuma, huyo anakuja kweli. Ila usisubiri upate hakika. Dume anayechuruzika majimaji shavuni na mkojo miguuni, usimkaribie kabisa. Na jike kabeba mimba miezi 22 kwa ndama mmoja. Usipite katikati yao hata kama chozi anaimba upande wa pili.

Kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia, nyuzi za buibui ndizo zinazokishika, mlango ubavuni. Usikate tawi ili wageni wapate picha. Jike akifukuzwa muda mrefu, mayai yanapoa. Haya huhitaji kuambiwa, najua. Ya upepo ndiyo unayapuuza, na ubishi huo pengine umeutoa humu humu nyumbani.

Darubini ya 8×42, ile ya kukuza mara nane, inatosha. Ile kubwa unayoitaka hutetemeka mkononi na kukubania upana, nawe nataka uone pembeni. Upepo, Neema. Kabla ya darubini, upepo.

Paa la jikoni limezibwa. Mdogo wako kahamia chumbani kwako, usimgombeze kwenye simu. Ufunguo wa kabati uliondoka nao; mpe yeyote anayekuja huku, nguo za baba yako zimefungiwa humo.

Mama