YAH: MALALAMIKO KUHUSU GITAA MLILONIUZIA MTANDAONI, LIKATENGENEZWA DUKANI KWA GHARAMA YANGU

Morogoro,
14 Machi 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa gitaa hapa Morogoro. Nafundisha vijana wa kwaya na wanafunzi wachache wanaokuja nyumbani jioni. Tarehe 3 Februari 2025 niliagiza kwenu gitaa moja la akustika la nyuzi za chuma kwa shilingi 385,000, nikalipa zote siku hiyohiyo kwa simu, na tarehe 11 Februari nikalipokea kwenye ofisi ya mizigo ya basi pale stendi ya Msamvu baada ya kulipa shilingi 18,000 za usafiri. Nimeambatisha ujumbe wa malipo na stakabadhi ya mzigo. Risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki, sijaambatisha kwa sababu hamjanipa, ingawa nimeiomba mara mbili.

Katika tangazo lenu mliandika kwamba gitaa hili lina uso wa mbao nzima ya sprusi, mti wa nchi za baridi, kwamba limekaguliwa na fundi kabla ya kufungwa kwenye boksi, na kwamba likifika liko tayari kupigwa. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonifanya ninunue, na naomba muyakumbuke mnapoendelea kusoma, kwa kuwa hakuna hata moja lililokuwa kweli.

Nianze na ukaguzi. Nilipolitoa kwenye boksi, nyuzi zilikuwa na kutu, tena kutu ile inayobaki kwenye ncha za vidole. Uzi wa sita ulikuwa umeinuka milimita 5 juu ya freti ya 12, yaani kile kipande cha chuma cha kumi na mbili kinachokatiza shingo, na kwa gitaa la aina hii milimita 5 ni karibu maradufu ya kile ambacho mkono wa kawaida unavumilia. Nilipochukua kipande cha karatasi na kukipitisha nyuma ya briji, yaani kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi usoni mwa gitaa, karatasi iliingia chini yake kama inavyoingia chini ya mlango. Gundi ilikuwa imeachia. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, zikikazwa hadi sauti yake, huvuta kwa uzito unaozidi kilo 70, na mvuto wote huo unaikuta briji. Ikiwa gundi imelegea kwa joto la ghala au la kontena, kung'oka kwake ni suala la muda tu. Fundi yeyote aliyelishika gitaa hili kwa dakika tano angeliona hilo. Kwa hiyo ama hakuna fundi aliyelishika, ama aliyelishika si fundi.

Kabla sijayapima hayo yote, jioni ileile ya kwanza nilimpa mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka 13, alijaribu. Alikuwa amehangaika wiki tatu na kodi ya F, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwenye gitaa langu la zamani na hatimaye ilikuwa imeanza kumkubali. Kwenye gitaa lenu haikutoka kabisa. Alitazama vidole vyake vilivyochorwa mistari na nyuzi, akaniambia, "Mwalimu, nadhani mimi sina nguvu za gitaa." Nimelitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu mtu mzima akiuziwa kitu kibovu hulaumu muuzaji, lakini anayejifunza hujilaumu mwenyewe, na wengi wanaonunua magitaa ya bei hii ni wanaojifunza.

Kuhusu mbao, uthibitisho wake hauhitaji maabara. Ukitazama ukingo wa tundu la sauti kwenye gitaa la mbao nzima, mistari ya mbao unayoiona usoni hushuka moja kwa moja hadi upande wa ndani bila kukatika. Kwenye gitaa mlilonitumia, mistari ile inaishia kwenye ngozi nyembamba ya juu, na chini yake kuna tabaka jingine la rangi tofauti, kisha jingine tena. Hiyo ni plaiwudi iliyovishwa sprusi. Sina ugomvi na plaiwudi. Ni ngumu, inavumilia unyevu wa masika, na mimi mwenyewe nilijifunzia gitaa la plaiwudi. Ugomvi wangu ni kuilipia bei ya kitu kingine. Picha tatu za ukingo huo nimeziambatisha.

Niliwaandikia tarehe 12 Februari, siku moja tu baada ya kupokea mzigo. Mashine yenu ya majibu ilinishukuru kwa kuwa mteja wa thamani na kuniomba picha, nikazituma saa hiyohiyo. Mtu halisi alinijibu tarehe 19 Februari, akanieleza kwa adabu kwamba muda wa kurudisha bidhaa ni siku 7 tangu kuipokea, na kwa kuwa hiyo ilikuwa siku ya 8, dirisha lilikuwa limefungwa. Yaani siku mlizokaa kimya mmenihesabia mimi. Nilipopinga, nikapewa kuponi ya shilingi 20,000 ya kununulia bidhaa nyingine kwenu, na maoni niliyoyaandika chini ya tangazo lenu yakaondolewa.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo silisemi kwa fahari. Mwezi Januari niliingia katika duka la vyombo vya muziki hapa mjini na kukaa humo zaidi ya nusu saa nikipiga gitaa la daraja hilohilo. Mwenye duka, mzee aliyewahi kupiga gitaa la ridhim katika bendi za dansi, aliliteremsha kutoka ukutani, akalifuta vumbi, akalitia sauti kwa sikio, kisha akaniacha nipige bila kunisimamia. Bei ilikuwa shilingi 460,000 pamoja na begi na seti moja ya nyuzi za akiba. Nilimshukuru, nikatoka, na wiki chache baadaye nikaagiza kwenu kwa sababu mlikuwa chini yake kwa shilingi 75,000. Mji huu ndio uliokuwa makao ya Morogoro Jazz Band enzi za Mbaraka Mwinshehe, na bado mtu anayejua kurekebisha shingo ya gitaa hapatikani kila mtaa. Hivyo mlipofunga dirisha lenu, mlango uliobaki ulikuwa ule niliotoka bila kununua.

Mzee hakuniuliza nimelinunua wapi. Aliliangalia boksi lenye nembo yenu, akaliweka pembeni, akaomba kioo kidogo na kuchungulia ndani ya tundu. Aliing'oa briji yote, akakwangua gundi ya zamani, akaigandisha upya na kuibana kwa klampu mpaka kesho yake. Kile kipande cha plastiki cha juu ya shingo kinachopitisha nyuzi alikitupa, akachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe, akikipiga tupa kidogo kidogo na kuurudisha uzi mahali pake kila mara ili asikate kupita kiasi. Uzi wa sita sasa uko milimita 2 na nusu juu ya freti ya 12. Kazi hiyo ilikuwa shilingi 60,000, nyuzi mpya shilingi 25,000, na risiti ya EFD alinipa bila kuombwa.

Hesabu yangu ni hii: gitaa, usafiri, ufundi na nyuzi vimefika shilingi 488,000. Nimetumia shilingi 28,000 zaidi ya bei ya dukani, sina begi, na nina plaiwudi. Unafuu wenu wa bei umetokana na kuiacha kazi ya ukaguzi bila kufanywa, na kazi hiyo haikutoweka. Imefanywa na mzee ambaye mmemnyang'anya mteja.

Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi 85,000 nilizolipia ufundi na nyuzi. Usafiri siudai, kwa kuwa niliujua na kuukubali tangu mwanzo. Pamoja na hizo, naomba tofauti ya bei kati ya gitaa la mbao nzima mlilolitangaza na la plaiwudi mlilolituma, mkinieleza kwa maandishi mmeipataje. Na kama hamtaki kulipa tofauti hiyo, lichukueni gitaa kwa gharama zenu na mnirudishie fedha zote, zikiwemo za fundi. Kuponi siipokei. Naomba pia tangazo lirekebishwe, kwa kuwa leo asubuhi nimelitazama na bado linasema mbao nzima, na maoni yangu yarudishwe mahali yalipokuwa. Kama kweli mnataka kuuza magitaa yaliyokaguliwa mikoani, walipeni mafundi wa maduka kama hili wayakague kabla hayajamfikia mnunuzi. Kwa kazi ya namna hiyo nadhani hata mzee huyu asingewanyima mkono.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na nisipopata jibu la maandishi hadi tarehe 31 Machi 2025 nitawasilisha barua hii na viambatisho vyake kwenye Tume ya Ushindani. Mkitaka kumtuma mtu wenu alikague gitaa, nijulisheni siku moja kabla. Ile gundi ya zamani iliyokwanguliwa, mzee ameihifadhi kwenye bahasha.

Wenu,

Mteja wenu,
Mwalimu wa gitaa, Morogoro

Viambatisho: ujumbe wa malipo, stakabadhi ya mzigo, nakala ya tangazo, picha, risiti ya fundi, mawasiliano yetu ya tarehe 12 na 19 Februari.