Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Majina ya Wanyama wa Udzungwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wahifadhi mliofika kutoka hifadhini,
Viongozi wa vijiji, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa niaba ya wanachama wa klabu ya mazingira ya shule hii, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika maadhimisho ya Siku ya Mazingira Duniani. Tunajua una majukumu mengi. Kuja kwako kukaa nasi chini ya mwembe huu ni heshima ambayo hatuichukulii kijuujuu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutoka hapo ulipoketi unauona msitu wa Udzungwa. Tunaomba tuanze na habari ya sufuria. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walipiga kambi ndani ya milima hii kuchunguza ndege. Jioni moja, baada ya kula, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege isiyofanana na ya kuku wala ya kanga. Ndege mwenyewe alikuwa ameshaliwa. Walipofuatilia, wakampata mwingine akiwa hai msituni, na mwaka 1994 akatangazwa rasmi kuwa ni kwale wa aina ambayo sayansi haikuwahi kuiandika. Tena ikaonekana kwamba ndugu zake wa karibu wapo mbali sana, huko Asia.

Tumeanza na sufuria kwa sababu ndani yake kuna jambo lote tulilokusudia kukueleza leo. Kwale yule hakuwa mgeni. Alikuwa akitegwa na kuliwa. Aliyekuwa hamjui ni yule aliyeandika vitabu.

Milima hii ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu 13 zinazoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi hapa kwetu. Upepo wa Bahari ya Hindi huifikia ukiwa na unyevu, na umefanya hivyo kwa mamilioni ya miaka. Afrika ilipopita katika vipindi vya ukame, misitu ya tambarare ikageuka nyika, lakini huku juu mvua na ukungu havikukatika. Kila mlima ukabaki kama kisiwa kilichozungukwa na nchi kavu. Mnyama wa Uluguru hakuweza kuvuka kuja Udzungwa, wala wa Udzungwa kwenda Usambara, na kila mmoja akabadilika kivyake hadi akawa wa pekee. Ndiyo maana mlima mmoja tu unaweza kuwa na chura, kinyonga au ndege asiyepatikana penginepo popote duniani. Na ndiyo maana pia ukifyeka mlima mmoja hakuna pa kwenda kuomba mbegu. Katika Tao zima, zaidi ya theluthi mbili ya msitu wa asili imekwisha kutoweka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa katika msitu ulio juu ya kijiji cha Sanje, wakasikia mlio mkubwa ambao hawakuutegemea katika nchi hii. Ulikuwa mlio wa mangabe, aina ya kima wakubwa, na vitabu havikuonyesha mangabe wa namna hiyo katika milima hii. Mwongozaji wao, mtu wa huku, hakushtuka. Akawaambia kwamba huyo ni kima anayeitwa ng'olaga. Leo dunia inamwita mangabe wa Sanje. Tunafurahi kwamba kijiji kimo ndani ya jina lake. Ila tunajiuliza ni watoto wangapi wa Sanje wanaojua kwamba ugunduzi ule ulikamilika kwa neno moja la mwenyeji.

Habari ya kipunji inafanana na hiyo. Watafiti wa timu ya Tim Davenport waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe waliwasikia Wanyakyusa wakimtaja kima mwenye haya aitwaye kipunji. Kwa kuwa simulizi za wawindaji wa Kinyakyusa zina wanyama wa kweli na viumbe vya hadithi pia, haikuwa rahisi kujua huyu yuko upande gani. Mwaka 2003 wakamwona. Mwaka uliofuata, mamia ya kilomita kutoka Rungwe, Trevor Jones akamwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, humu humu Udzungwa. Mwaka 2005 pande zote mbili zikamtangaza pamoja, tena kwa kutumia picha, kwa sababu hakuna aliyetaka kumuua mnyama adimu namna ile ili apelekwe makumbusho.

Baadaye mmoja akakutwa amekufa katika mtego wa mkulima. Mwili ule ndio uliowezesha uchunguzi wa vinasaba, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba kipunji anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kiukoo lililo juu ya aina, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Tuliposoma habari hii katika kikao cha klabu tulinyamaza kwa muda. Mnyama wa pekee kiasi hicho tulimfahamu vizuri kwa sababu mtego ulimwahi. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2008 yalikuwa kipunji 1,117 tu katika misitu yote miwili. Zipo shule zenye wanafunzi wengi kuliko hesabu hiyo.

Wapo wengine, na tutawataja kwa haraka. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa na Francesco Rovero katika Ndundulu, aina ile inayojipiga yenyewe mnyama anapopita, ilinasa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, aliye mkubwa na mwenye uso wa kijivu. Alitangazwa mwaka 2008, na uzito wake ni kama gramu 700, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Katika msitu wa Magombera, ng'ambo ya mashamba ya miwa, mtafiti Andrew Marshall alimshtua nyoka aliyekuwa akimla kinyonga. Nyoka akamtema kinyonga na kukimbia, na kinyonga yule akawa aina mpya, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa jina la Magombera. Na kule Ukaguru alipatikana chura wa mitini mwenye rangi za kupendeza, ambaye mwaka 2002 wanasayansi walimpa jina la kitaalamu Churamiti maridadi. Tafadhali lisikilize tena jina hilo, Mheshimiwa. Ni Kiswahili kitupu, na linasomwa hivyo hivyo katika kila makumbusho duniani. Hakuna somo la baiolojia lililotufurahisha kama siku tuliyokutana na jina hilo.

Sasa tunaomba utuvumilie kidogo juu ya chura mwingine, kwa sababu juu yake wananchi wamesema mengi na mengine yameumiza.

Chura wa Kihansi alijulikana mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira kwa ajili ya bwawa la umeme. Ni mdogo, hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea, huzaa watoto walio hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 za majani yaliyolowa kwa manyunyu ya maporomoko ya Kihansi. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, sehemu kubwa sana ya maji ikaelekezwa kwenye mtambo na manyunyu yakakauka. Ikawekwa mifumo ya mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura waliongezeka. Kisha mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ndani ya miezi michache, huku ugonjwa wa kuvu unaoua vyura katika nchi nyingi ukigunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Kilichomwokoa ni uamuzi wa mapema. Mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamechukuliwa na kupelekwa Marekani, ambako walitunzwa na kuzalishwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi nyumbani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Tumesikia watu wazima wakisema fedha nyingi zimepotea kwa chura. Hatuwadharau. Mama anayejifungulia kwa mwanga wa kibatari ana haki ya kuuliza. Lakini sisi tunaona kwamba swali hilo limeelekezwa kwa chura badala ya kuelekezwa kwenye mipango. Gharama ile ilikuja kwa sababu uchunguzi wa viumbe ulifanyika wakati uamuzi wa kujenga ulikuwa umeshafika mbali. Bonde lingechunguzwa mapema, na wakazi wa kando ya maporomoko wakaulizwa nini kinaishi humo, pengine maji yangepangwa kwa namna nyingine tangu mwanzo. Kumjua mnyama kabla ya kuguswa makazi yake ni nafuu sana kuliko kumsafirisha kwa ndege na kumrudisha baada ya miaka kumi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu imejaribu kufanya sehemu ndogo ya kazi hiyo. Tunakusanya majina na habari za wanyama kutoka kwa wazee wetu, katika lugha za Wahehe, Wapogoro, Wandamba na Wambunga, na kuziandika katika daftari kubwa. Mwanzoni tulikosea. Tulikuwa tukiwaonyesha wazee picha na kuwauliza, "Huyu mnamwitaje?" Nao kwa upole wao walitujibu kila picha, hata ya mnyama wa bara jingine. Sasa tunafanya kinyume. Tunamwachia mzee asimulie kwanza: analia vipi, anatembea usiku au mchana, kinyesi chake kikoje, anakula matunda ya mti gani, mara ya mwisho alionekana wapi. Picha huja mwishoni kabisa. Kuna majina ambayo mpaka leo hatujayapatia picha. Pengine ni wanyama wanaojulikana kwa jina jingine, pengine ni hadithi. Baada ya habari ya kipunji, hatuthubutu kuyafuta.

Jambo moja hatuliandiki, nalo ni mahali hasa anapopatikana mnyama adimu. Mwaka 2011 nyoka mwenye vipembe, aliyepewa jina la Matilda, alipotangazwa kutoka kusini magharibi mwa nchi yetu, wanasayansi walificha eneo lake ili wafanyabiashara ya wanyama hai wasimfuate. Tulijifunza kwao. Ukurasa wa maeneo katika daftari letu umeachwa wazi kwa makusudi.

Changamoto zetu ni za kawaida na hatutazirefusha. Hatuna darubini hata moja. Wanachama wengi hawajawahi kuingia ndani ya hifadhi inayoonekana kutoka darasani. Na tangu kuokota kuni ndani ya hifadhi kuzuiwe, mama zetu wanatembea mbali zaidi au wananunua mkaa. Tunaunga mkono katazo lile kwa ajili ya msitu, lakini miti ya kuni inayopandwa vijijini haijatosha, na mwanafunzi aliyeamka usiku kutafuta kuni ni vigumu kumwambia habari za sange akakusikiliza.

Maombi yetu, Mheshimiwa, yanahusu zaidi kile kinachotoka huku na kisichorudi. Tangu tupate akili tumewaona watafiti wakipita hapa na magari yao. Wanalala kwetu, wanaongozwa na kaka zetu, wanabebewa mizigo na baba zetu, kisha wanaondoka na matokeo yanachapishwa kwa lugha ambayo mbeba mizigo hawezi kuisoma. Halafu kijiji hicho hicho ndicho kinachoombwa kulinda. Tunakuomba utufikishie ombi letu kwa TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwamba kibali cha utafiti wa wanyama katika misitu yetu kiambatane na sharti la kurudisha muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili tu zinatosha, nakala moja ofisi ya kijiji na nyingine maktaba ya shule iliyo karibu. Na pale jina la mnyama lilipotoka kwa mwenyeji, jina la mwenyeji huyo liandikwe kama atapenda.

Tunaomba pia vijana waliomaliza kidato cha nne katika vijiji hivi wafundishwe kutega kamera, kutambua milio na kujaza takwimu, walipwe kwa kazi hiyo mwaka mzima badala ya wiki mbili za ugeni wa mtafiti. Komba wa usiku hutambuliwa kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Masikio yaliyokulia hapa yana mwanzo mzuri kuliko ya mtu aliyeshuka jana kwenye basi.

Na kwa mama zetu tunaomba miche ya miti ya kuni ifike kabla ya mvua, siyo baada yake kama msimu uliopita, pamoja na mafunzo ya kutengeneza majiko banifu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daftari letu liko mbele yako juu ya meza. Mwenzetu atakayelifungua ni mjukuu wa mzee aliyetupa majina mengi kuliko wote, naye mzee mwenyewe ameketi mstari wa pili, mwenye kofia nyeupe. Tunakuomba uweke sahihi yako kwenye ukurasa wa kwanza, na baada ya shughuli hii, kama muda utaruhusu, umsikilize mzee akikuigia mlio wa mnyama ambaye bado hatujapata picha yake.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
Klabu ya Mazingira